Jamaa yangu anataka turudi Kilimanjaro ila kaniwekea sharti, naombeni ushauri

Mbuyu Pacha:
Wakuu habari za muda huu. Nina jamaa yangu tumekua wote Temeke, tunakimbia wote jogging ya Jumamosi na kwa pumzi ananizidi mbali, mi wa kuburuzwa tu. Desemba iliyopita tukapanda Kilimanjaro njia ya Marangu, siku 5, maana ile siku ya 6 ya kupumzika kambi ya Horombo tuliona ni kupoteza hela (hapo ndo tuliharibu). Mandara safi, Horombo safi, jamaa anatembea kama yuko Coco Beach, guide kila saa "kaka pole pole" ye wapi.

Kufika Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,720, kichwa kikaanza kumgonga, chai ikarudi, supu ikarudi. Saa tano usiku tunaamshwa tuvae tuanze kupanda, namuona anahangaika na kamba za buti, anafunga anafungua, dakika kumi nzima. Akanishika mkono, "usimwambie guide, nikifika juu litaisha". Nikamwambia poa. Nikatoka nje nikasimama kwenye ile baridi kama dakika mbili hivi, kisha nikaenda nikamwambia guide.

Guide akamtembeza mstari mnyoofu, kisigino kinagusa vidole, jamaa akayumba kama katoka kilabuni. Wakamshusha usiku uleule na guide msaidizi mpaka Horombo. Mi nikaendelea, asubuhi nikafika Uhuru.

Kesho yake alikuwa mzima kabisa anakunywa uji. Ila mpaka leo anasema nilimchongea, na hela kalipa sawa na mimi. Sasa kaibuka anataka turudi Desemba hii, na anataka niende nae MIMI, mtu mwingine hataki, sharti eti safari hii mdomo nifunge. Niende au nimpotezee?

kiazi kitamu:
Chai hii. Mtu mzima ashindwe kufunga kamba dakika kumi?

Mgumu Mstaafu:
Anaesema chai hajawahi kulala Kibo. Mi nimebeba mizigo ule mlima miaka 9. Hizo kamba ndo dalili yenyewe, ubongo unaanza kuvimba, mtu anakuwa hajielewi na anabisha. Kileleni oksijeni unayoivuta ni kama nusu ya hapo Dar, na likishafika hapo dawa ni kushuka, tena sasa hivi, sio asubuhi. Na wenye pumzi ndo tunawashusha sana kwa sababu wanakimbia, bibi wa kizungu anatambaa kama kinyonga anafika zake. Hata sisi wagumu tunaficha, unaogopa ukishushwa utakosa posho, mi na mwenzangu wa hema moja tulikubaliana kila asubuhi namuangalia anavyokula na ye ananiangalia, asiyekula anasemwa, hakuna kununiana. Ungekaa kimya mkuu leo ungekuwa unaleta uzi mwingine.

njiwa wa posta:
Mi nina swali tofauti. Mlienda wawili, mwenzio kashushwa usiku anayumba, wewe ukaendelea na safari?

Mbuyu Pacha:
Mkuu guide aliniambia nikishuka sina ntakachoongeza, kuna mtu wa kumshika tayari. Ila hilo swali huwa linanijia.

Shangazi wa Mbezi:
Mnaongelea ubongo, mi naona jingine. Mwanangu, picha ya kileleni uliposti lini?

Mbuyu Pacha:
Jioni ileile shangazi, kwenye grupu la jogging, network ilikamata tuliporudi Horombo.

Shangazi wa Mbezi:
Na mwenzio alikuwa wapi?

Mbuyu Pacha:
Kitanda cha pili.

Shangazi wa Mbezi:
Haya. Mtu kalala anaugulia, simu yake inalia hongera hongera na zote sio zake. Hajakasirikia mdomo wako huyo. Na angetaka mtu wa kumfichia si angeenda na yoyote? Kwa nini wewe?

kiazi kitamu:
😂😂 shangazi kamaliza kesi

dawa ya moto:
Nyongeza tu. Aende kwa daktari mapema aulizie Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, sio kila mtu inamfaa, inakojoza usiku kucha na vidole vinachonyota. Ila dawa sio leseni ya kupanda kichwa kikiwa kinauma. Na achaneni na siku 5, chukueni njia ya Machame siku 7, mnapanda mpaka Lava Tower mchana mnashuka kulala Barranco, mwili unazoea.

njiwa wa posta:
Mi bado ningegoma. Anaekuwekea sharti hilo hajajifunza kitu.

Mbuyu Pacha:
Mrejesho wakuu. Nimemuandikia nakuja, ila Machame siku 7, mdomo sifungi, na ye akiniona nayumba anichongee vilevile, na picha haiendi grupuni mpaka tuwe wote Moshi. Na ile ya mwaka jana nikamuomba radhi. Tiki zikawa bluu, kimya siku mbili. Leo asubuhi kanitumia picha ya buti za mtumba yuko Karume, kaandika "hizi za zipu, hazina kamba".