Mrejesho: yule mdudu wa manyoya shambani Hombolo

Wakuu, salaam. Niliuliza kuhusu mdudu anayefanana na nyuki, anaelea juu ya njia ya mchanga kwenye shamba la zabibu hapa Hombolo, mdomo mrefu kama sindano, na vibarua wanamkimbia. Mliosema ni nzi mmepatia: ni wa familia ya Bombyliidae.

Ushauri wa kuangalia mabawa ndio uliosaidia. Nyuki ana manne, huyu ana mawili tu. Picha ya simu akiwa ametua ikamaliza ubishi: mabawa kayatanua pembeni badala ya kuyakunja mgongoni, vipapasio vifupi, macho yamejaa kichwa. Ile "sindano" ni ya kufyonza nekta, haimchomi mtu. Vibarua bado hawaamini, shauri yao.

Kilichonikalisha juani ni jike. Anashuka, anasuguasugua ncha ya tumbo mchangani, kisha anaelea mbele ya vishimo vya nyuki wapweke na kurusha mayai humo bila kutua! Kumbe majike wa spishi nyingi wana kifuko tumboni cha kubebea mchanga, nao huyapaka mayai. Funza akianguliwa huingia ndani na kula watoto wa nyuki. Ukatili mtupu, ila mzinga wangu wa nyuki wa asali hauhusiki.

Spishi bado. Inabidi kusoma mishipa ya bawa, na simu yangu haifiki huko. Mwenye lenzi ya kukuzia karibu, aje jua likishapasha mchanga.