Naomba ushauri: "stetoskopu" maana yake hasa ni nini, na niandikeje kwenye mwongozo?

Mfasiri_Afya:
Wakuu, salaam. Naandaa mwongozo wa Kiswahili kwa wahudumu wa afya ya jamii, nimekwama kwenye kile kifaa ambacho daktari huvaa shingoni. Nimeambiwa "-skopu" ni kutazama. Mbona anasikiliza tu? Na nikiandika "kipimamoyo" nitakuwa nimekosea?

Mzizi wa Neno:
Umeambiwa sawa, mkuu. Ni Kigiriki: stethos ni kifua, skopein ni kutazama au kuchunguza. Maana hiyo ya pili ndiyo inayobeba neno: kuchunguza kifua, hata kama ni kwa sikio. Linganisha na darubini yetu iliyotoka Kiajemi, dur ni mbali, bin ni kuona. Aliyelitunga neno stetoskopu ni René Laennec, daktari wa Ufaransa. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker, Paris, alikunja karatasi ikawa bomba, akaweka ncha moja kifuani kwa mgonjwa na nyingine sikioni, akasikia moyo vizuri kuliko kwa kulaza sikio kifuani. Baadaye akatengeneza la mbao, la sikio moja, urefu wa sentimita 30 hivi. La masikio mawili lilikuja miaka ya 1850.

Muuguzi Mkufunzi:
"Kipimamoyo" kiache kabisa. Kipimajoto kinakupa namba, hiki hakitoi namba yoyote. Anayehesabu mapigo ni wewe na saa yako, dakika nzima. Tena kinasikiliza mapafu, utumbo, na mshipa wa mkono wakati wa kupima presha. Andika "stetoskopu", na mara ya kwanza ongeza "kifaa cha kusikilizia sauti za ndani ya mwili".

Kwenye mchoro onyesha pande mbili za kichwa kinachowekwa kifuani: kiwambo, upande bapa wenye utando, na kengele, upande wenye umbo la kikombe. Kiwambo hukandamizwa, kwa sauti nyembamba kama za pumzi. Kengele huwekwa kwa wepesi, kwa sauti nzito. Ukiikandamiza, ngozi inakazika na kuwa kiwambo, sauti nzito zinapotea. Ncha za masikioni zielekee mbele, upande wa pua, kwa kuwa njia ya sikio imelala hivyo. Na wasisikilize juu ya nguo: mkwaruzo wa kitambaa unafanana sana na mchakacho wa mapafu yenye maji.

Mfasiri_Afya:
Nimeelewa, "kipimamoyo" nakifuta. Je, "stethoskopu" yenye th?

Mzizi wa Neno:
Zote zinatamkika, kwa kuwa th tunayo kwenye thelathini. Chagua moja, uitumie hiyo hiyo hadi kwenye maelezo ya michoro.