Ulinganisho: ringi za kikomutatifu, uanzie namba, jiometri au aksiomu?

Mche_wa_Hesabu: Wakuu, salaam. Niko mwaka wa tatu, hisabati. Likizo hii nataka kujisomea ringi (mifumo ya kujumlisha, kutoa na kuzidisha) ambazo ab = ba kabla somo lenyewe halijaanza. Naona milango mitatu: namba, grafu za polinomia, au aksiomu moja kwa moja. Grupu na matriki nimeshasoma. Upi utanifikisha kwenye ideali tasa nikiwa nimeelewa, siyo nimekariri? (Ideali ni sehemu ya ringi inayobaki humohumo ukijumlisha, au ukizidisha kwa chochote cha ringi; ni tasa ikiwa si ringi nzima na, ab ikiwamo, basi a au b imo.)

KipeoChaPili: Namba, mkuu. Chukua Z[√−5], yaani a + b√−5 ambapo a na b ni namba kamili. Humo 6 = 2 × 3, na vilevile 6 = (1+√−5)(1−√−5). Kila namba ipe ukubwa a² + 5b². Namba zikizidishana, ukubwa nao unazidishana. 2 ina 4, 3 ina 9, zile mbili zina 6 kila moja. Ili yoyote kati yake ivunjike, pangehitajika kigawo chenye ukubwa 2 au 3, na a² + 5b² haitoi 2 wala 3 kamwe. Basi 6 ina vigawo vya aina mbili visivyofanana.

Sasa shika ideali P = (2, 1+√−5), yaani ile inayozaliwa na namba hizo mbili. P mara P inazaliwa na 4, 2+2√−5 na −4+2√−5. Toa ya tatu kwenye ya pili: 6. Toa 4: 2. Na zote zinagawanyika kwa 2, kwa hiyo P² = (2). Upekee uliopotea kwenye namba umerudi kwenye ideali! Hapo ndipo mwanahisabati Dedekind alipofika mwaka 1871. Fanya mwenyewe (3) kwa karatasi na kalamu.

Bi_Parabola: Mfano mzuri sana, ila una mtego. Kwenye ringi hiyo kila ideali tasa isiyo sifuri ni ya juu kabisa (haimo ndani ya ideali nyingine ila ringi nzima), na anayeanza atadhani ndivyo ilivyo kote. Nenda C[x, y], polinomia za x na y zenye vizidishi vya namba changamano: (0) ni tasa, imo ndani ya (x) ambayo ni tasa, nayo imo ndani ya (x, y). Chora: bapa zima, mstari x = 0, nukta. Kwa namba pekee huuoni mnyororo huo.

KipeoChaPili: Hapo umenishika, dada. Nakubali.

Tulia_Usome: Aksiomu ziache zije mwisho. Mwanahisabati Noether mwaka 1921 alitumia sharti moja, kwamba ideali zinazopanuka mfululizo lazima zikome, na yakapatikana kwa ringi nyingi mno yale ambayo Lasker alishayathibitisha kwa polinomia mwaka 1905, yaani kuvunja ideali kuwa vipande vya msingi. Uzito wa sharti lile huuhisi kama hujaona mifano. Mimi ningesoma milango miwili ya kwanza sambamba: Z[√−3] upande huu, ringi ya polinomia juu ya mchirizo y² = x³ upande ule.

Mche_wa_Hesabu: Nimejaribu. (1+√−3)/2 inatimiza X² − X + 1 = 0 lakini haimo kwenye ringi. Na y/x inatimiza T² = x, nayo haimo. Ni jambo lilelile?

Tulia_Usome: Lilelile. Iongeze y/x, uiite t: x = t², y = t³, na ringi inakuwa C[t]. Ile ncha kali pale (0, 0) inanyooka.