Majirani Leicester: pesa ya kuangalia watoto na UC

Mwanaidi: Asalaam alaykum jamani. Mama anayelea peke yake, yuko kwenye Universal Credit (UC, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo), akishika watoto wa jirani na kulipwa keshi, lazima aseme? Nasikia chini ya paundi 1,000 kwa mwaka haina neno.

Da Zuhura: Waalaykum salaam. Hiyo 1,000 ni ya HMRC, idara ya kodi. UC haiitambui. Huko unasema kuanzia paundi ya kwanza.

Bi Khadija: Aingie kwenye akaunti yake ya UC mtandaoni, sehemu ya mabadiliko, aandike ameanza kujiajiri. Ataitwa kwa mahojiano waone kama hiyo ndiyo kazi yake kuu. Baada ya hapo kila mwezi anajaza kilichoingia na kilichotoka. Na mwezi wenyewe ni wa UC, labda tarehe 9 hadi 8, si wa kalenda. Anajaza kuanzia siku 7 kabla haujafungwa hadi siku 14 baadaye. Akinyamaza, malipo yanasimama.

Mwanaidi: Mzazi akichelewa kulipa?

Da Zuhura: Inahesabiwa siku pesa inapoingia mkononi, hata kama kazi ilifanyika mwezi uliopita. Akilipa wiki nne kwa mkupuo, zote ni za mwezi huo. Hapo ndipo wengi wanapojaza vibaya.

Rama: Hesabu hii hapa. Kapata 520, chakula na vifaa vya watoto 60, inabaki 460. Mwenye mtoto ana kiasi kisichoguswa: mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2025 kilikuwa 411 kwa mwezi kama UC inamlipia pango, 684 kama haimlipii. Kwa hesabu ya mwaka huo, anayelipiwa pango amezidisha 49. Kila paundi inakatwa pensi 55, kwa hiyo anapungukiwa 26.95.

Mwanaidi: Basi?? Na watu wanajificha kwa ajili ya hiyo 😅

Mzee Shomari: Mkiambiwa mlezi anahesabiwa theluthi moja tu ya mapato, msikubali. Hiyo ni kanuni ya Housing Benefit, ule msaada wa zamani wa pango. UC wanataka gharama halisi, na risiti. Kwa kufanyia kazi nyumbani kuna kiwango maalumu cha kutoa kama gharama: saa 25 hadi 50 kwa mwezi paundi 10, 51 hadi 100 paundi 18, zaidi ya hapo 26.

Da Zuhura: Msisahau Ofsted, wanaosajili na kukagua walezi wa watoto, mie ndiyo naiogopa kuliko UC. Ukiwaangalia kwako, wana chini ya miaka 8, zaidi ya saa 2 kwa siku, kwa malipo, ujisajili kwanza. Bibi, shangazi, mjomba, kaka, dada wa mtoto hawahusiki. Shoga wa mama hayumo kwenye orodha hiyo ya ndugu, hata muwe mmekua pamoja. Ukienda nyumbani kwa mtoto usajili si lazima, wala kwa zamu ya saa 12 jioni hadi saa 8 usiku. UC unatangaza kote kote.

Mwanaidi: Akilipwa mchele na mafuta?

Bi Khadija: Kwa UC ni malipo vilevile mwanangu. Andika thamani yake. Daftari liwe na tarehe, mzazi gani, saa ngapi, kilicholipwa, gharama, na risiti ibanwe ukurasa huohuo.