Moneyball na ekipe yangu ya Katuba: nihesabu nini?

Kocha wa Katuba: Bandugu, nimeangalia Moneyball, ile filamu ya besiboli ya 2011, Brad Pitt akiwa Billy Beane, meneja wa timu ya Oakland huko Amerika. Mwaka 2002 mishahara yao ilikuwa kama dola milioni 40, Yankees, timu tajiri ya New York, zaidi ya milioni 120, na bado wakashinda michezo 20 mfululizo! Nafundisha mpira vijana wadogo hapa Lubumbashi, feza hatuna. Nianze kuhesabu nini?

Mpenda takwimu: Yaya, wao waliacha kutazama umbo la mchezaji. Waliuliza nani anafika besi (kituo cha kukimbilia uwanjani) mara nyingi, hata kwa kungoja tu mipira mibovu ya mrushaji ipite. Mchezaji mmoja, Hatteberg, alikuwa mdakaji, kiwiko kikaharibika. Oakland wakamhamishia besi ya kwanza, na ndiye aliyepiga homurani (pigo la kuzunguka besi zote) ya ushindi wa 20. Wewe hesabu mipira anayonyang'anya kila kijana. Yule asiyesifiwa ataonekana.

Mama Kenya: Filamu inawanyima haki warushaji wa Oakland! Hudson, Mulder, Zito. Zito alipata Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mwaka ule ule. Na kwenye mchujo wa mwisho wa msimu, timu ya Minnesota wakawatoa.

Kocha wa Katuba: Asante, mama. Jumamosi mdogo wangu atakaa pembeni na kaye: mipira iliyonyang'anywa, pasi zilizopotea. Vijana sitawaambia tunahesabu nini.