Kikundi cha familia: siku ya kumkumbuka Doria

Shangazi, saa 1:10 asubuhi
Habari za asubuhi, ndugu zangu. Kama mlivyoarifiwa juzi, mbwa wetu Doria ametutoka, baada ya miaka 7 ya kazi ya polisi na miaka 4 ya kustaafu nyumbani kwa mdogo wangu. Napendekeza tukutane Jumamosi saa kumi alasiri pale chini ya mti alipozikwa, kila mmoja aseme neno, na mdogo wangu, aliyekuwa mwongozaji wake tangu mwanzo, atusimulie kazi yao kwa ukamilifu. Naomba kila mtu athibitishe kabla ya saa sita mchana.

Shangazi, saa 4:32 asubuhi
Naona ujumbe umesomwa na watu 14, na hakuna hata mmoja aliyejibu.

Binamu, saa 4:40 asubuhi
Nitakuwepo, Shangazi. Nitasimulia siku niliyojificha ndani ya pipa tukicheza, Doria akaja moja kwa moja, akaketi kimya mbele ya pipa kama alivyofunzwa, bila kubweka wala kukwaruza, akawa anamtazama Baba Mdogo mpaka alipotupiwa mpira wake.

Mjomba, saa 4:51 asubuhi
Pipa hilo lilikuwa langu, na kifuniko chake hakijarudi mpaka leo.

Binamu, saa 4:52 asubuhi
Mjomba, Doria angekuwepo tungemtuma akitafute.

Shangazi, saa 4:58 asubuhi
Vicheko vitapata nafasi yake Jumamosi. Ninachotaka kujua sasa ni nani ataleta mkanda wake wa kazi na ule mpira, ili viwekwe mahali watu wavione.

Mama Mdogo, saa 6:15 mchana
Wifi, vitu hivyo ni vya mwenzangu na mimi sitavigusa. Mkanda wa kazi haukuwa ule wa nyumbani. Ulipofungwa tu shingoni, Doria aliacha michezo yote, akasimama kama askari aliyeitwa jina. Hata alipostaafu, kila alfajiri alipolisikia bati la pasi likigusa meza, aliamka akaenda kukaa mlangoni, akidhani sare inayonyooshwa inawahusu wote wawili. Mume wangu alikuwa amekwisha kukabidhiwa mbwa mwingine. Jioni akirudi, Doria alimnusa suruali taratibu, kuanzia gotini hadi kwenye kiatu, kisha akaenda kulala ameelekeza uso ukutani. Hali hiyo iliendelea mwezi mzima, mpaka mwenzangu akaanza kubadilisha nguo kazini kabla ya kurudi nyumbani.

Mimi, saa 6:40 mchana
Mama Mdogo, Doria hakuwa anakisia. Pua ya mbwa inaweza kuwa na vipokezi vya harufu hadi milioni 300, wakati yetu inakadiriwa kuwa na takriban milioni 6, kwa hiyo mbwa yule mwingine alikuwa kana kwamba ameingia naye ndani. Ningependa pia Jumamosi tumtaje Finn, mbwa wa polisi wa Hertfordshire nchini Uingereza, aliyechomwa kisu mwaka 2016 akiwa kazini na mwongozaji wake, Dave Wardell. Finn alipona, na Wardell hakunyamaza, kwa sababu sheria ya wakati huo iliruhusu aliyemshambulia mbwa wa kazi kudai kwamba alikuwa akijilinda. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria ya kuondoa utetezi huo, na watu wakaiita kwa jina la Finn.

Shangazi, saa 7:05 mchana
Vizuri sana, liandike kwa ufupi. Mdogo wangu, naona umesoma yote. Hotuba yako iwe ya dakika 20.

Mama Mdogo, saa 7:20 mchana
Wifi, nakuomba usimlazimishe. Na kama leo tunazungumzia heshima ya Doria, tukumbuke pia nani alisema afungwe nje usiku ule wa mvua, Babu alipokuwa mgonjwa.

Shangazi, saa 7:22 mchana
Nilijua tutafika huko. Nyumba ilikuwa imejaa watoto, na mimi niliogopa.

Bibi, saa 9:03 alasiri
Mjukuu ananiandikia maneno haya. Usiku ule nilitoka na taa, nikamkuta mwanangu ameketi ukutani, koti lake la kazi limemfunika mbwa na yeye mwenyewe analowa. Mwenye nyumba nilikuwa mimi, nami sikumwambia aingie naye. Basi lawama hiyo ni yangu, na isitajwe tena hapa. Jumamosi nitakuja. Mwanangu asidaiwe hotuba. Akinyamaza, tunyamaze naye.

Shangazi, saa 9:10 alasiri
Tumekusikia, Mama.

Baba Mdogo, saa 4:47 usiku
Shikamoo, Mama. Nimesoma yote, dada, ila sikuweza kuandika mchana. Siku ya mwisho miguu ya nyuma ilikuwa imekataa kabisa, nikambeba mpaka kwa daktari wa wanyama. Kabla ya kuingia nilimfunga ule mkanda wa kazi. Hakuweza kusimama, lakini alinyanyua kichwa na masikio yakasimama, akawa ananitazama akisubiri nimwambie tunatafuta nini. Mpira nimeuzika naye. Mkanda bado umening'inia nyuma ya mlango, na sijaamua. Jumamosi nina zamu hadi saa kumi na moja, na mbwa niliye naye sasa sitaweza kumwacha peke yake. Nikija, nitakuja naye, kama Mama ataruhusu.

Shangazi, saa 4:50 usiku
Basi tuseme saa kumi na mbili jioni. Watu 9 bado hawajathibitisha.

Mjomba, saa 4:58 usiku
Saa hiyo giza litakuwa linaingia. Nani atamleta Bibi?