Insha ya kuomba chuo nje: maneno 650, maneno 250 au herufi 4,000?

MamaKimara: Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu kamaliza kidato cha sita, anaomba vyuo binafsi Marekani na vingine Uingereza. Vikomo vya insha vinatuchanganya. Common App (fomu moja ya kuombea vyuo vingi Marekani) wanataka isizidi maneno 650, chuo cha Stanford wana insha tatu za ziada za maneno 100 hadi 250, UCAS (mfumo wa kuombea vyuo Uingereza) ni herufi 4,000. Ameandika moja ndefu, anataka aipunguzepunguze iingie kote. Inafaa?

Mdau_Boston: Dada, haifai. 650 inabeba kisa kizima, na fomu yenyewe haipokei chini ya 250 wala juu ya 650. Zile za Stanford hazina hata pa kupigia hodi. Moja ni barua kwa mtu atakayeishi naye chumba kimoja bwenini. Ukimbandikia huyo mtu insha ya Common App iliyokatwa, inasomeka kama hotuba ya mgeni rasmi.

Mwl_Thika: Napinga kidogo. Mwanafunzi aandike ndefu kwanza, ndipo ajue alichonacho. Kuna msichana nilimsaidia, aya mbili nzima alikuwa anaeleza jinsi elimu ilivyo muhimu. Zote tukafuta. Kilichobaki ni daftari la madeni la duka la shangazi yake, na jinsi alivyoacha kuandika majina ya wadaiwa akawa anaandika namba, ili wateja wasichunguliane. Hiyo ilitosha maneno 200, na ndiyo iliyokuwa insha.

Mdau_Boston: Hapo sawa mwalimu, kwa Marekani. UCAS je?

Kaka_Leeds: UCAS ni habari nyingine kabisa. Wanahesabu herufi, nafasi na alama zote zimo. Kwa wanaoanza masomo 2026 na kuendelea si insha moja tena, ni maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yamekuandaaje, na umefanya nini nje ya darasa. Kila jibu lisipungue herufi 350, yote matatu yasizidi 4,000. Daftari la shangazi litaingia swali la tatu, sentensi mbili hivi, tena kama linahusiana na kozi. Huku wanataka kuona unalijua somo.

MamaKimara: Asanteni. Na asipofikisha 650?

Mwl_Thika: Mama, 520 zilizokaza ni bora kuliko 650 zenye maji. Ila 270 nitamuuliza kama amechoka.

Mdau_Boston: Halafu yanayozidi asiyahamishie kwenye kile kisanduku cha maelezo ya ziada cha Common App. Msimu wa 2025/26 walikishusha kutoka maneno 650 hadi 300, na ni cha mambo yanayohitaji maelezo kweli, mfano kubadilisha shule katikati ya mwaka.

Kaka_Leeds: Uingereza anaomba kozi gani?

MamaKimara: Udaktari.

Kaka_Leeds: Basi UCAS kwanza. Udaktari mwisho ni 15 Oktoba, hao wa Stanford wanasubiri hadi Januari.